Maonyesho ya Kilimo ya Nakuru na Majina Yasiyoandikwa



Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, ni desturi njema katika kitabu cha mwaka kuacha kurasa chache kwa ajili ya mambo ya kale, ili vijana wajue walikotoka, na wazee wapate kutusahihisha pale tulipokosea. Safari hii tumechagua kuandika juu ya maonyesho ya kilimo ya Nakuru, ambayo watu wengi huyaita shoo.

Huenda mtu akauliza: chama cha kusaidiana, ambacho kazi yake ni kuzika wafu, kutazama wagonjwa na kuwasaidia watoto kwa karo, kina haja gani na mashindano ya ng'ombe na mahindi? Jibu letu ni hili. Wengi wa baba zetu na mama zetu waliujua uwanja wa maonyesho kabla haujawa wetu. Hawakufika kama wageni wa heshima, wala kama wenye mali. Walifika wakiwa wameshika kamba za ng'ombe wa watu wengine. Vikombe viligawanywa, majina yakaandikwa, lakini majina yao hayakuwamo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na heshima ya kazi ya mtu nayo ni mali.

Basi tuanze na mji wenyewe. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Kisumu kwenye ziwa. Nchi iliyozunguka Nakuru ilikuwa malisho ya Wamasai. Katika mwaka 1904 serikali ya Kiingereza ilifanya mapatano na viongozi wao, Olonana akiwa miongoni mwao, na Wamasai wakahamishwa kutoka Bonde la Ufa lililo karibu na reli, ili ardhi ipate kugawiwa wageni kutoka Ulaya na Afrika Kusini. Nchi ambayo baadaye ilisifiwa katika maonyesho kwa uzuri wa mifugo yake ilikuwa nchi ya mifugo tangu zamani, ila wenye mifugo walibadilishwa.

Chama cha maonyesho nacho kilizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Kiliundwa mwaka 1901 kwa ajili ya kilimo na bustani katika Afrika Mashariki, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Nairobi mwaka 1902. Wakati huo masetla walikuwa wachache, na hakuna aliyejua kwa hakika ni zao gani litakalokubali udongo, wala ni mnyama gani atakayeishi. Kwa hiyo maonyesho hayakuwa mchezo tu. Yalikuwa njia ya watu kukutana na kulinganisha: huyu amefaulu nini, yule amepoteza nini, na kwa sababu gani. Desturi hiyo ilienea kufuata reli na mashamba, na Nakuru ukawa miongoni mwa miji iliyoishika kwa nguvu zaidi.

Hasara za siku hizo hazikuwa ndogo. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 karibu na Njoro, akaleta kondoo na ng'ombe wa Kizungu, na wengi wao wakafa. Ndigana ilichinja ng'ombe. Kondoo nao walidhoofika ingawa nyasi zilionekana nzuri. Hata baadaye wataalamu wakagundua kwamba udongo wa sehemu hizo umepungukiwa na madini ya kobalti, na ugonjwa ule wa kukonda ukapewa jina la mji wa Nakuru. Alipogeukia ngano, ikaliwa na kutu. Kwa sababu ya kutu hiyo kazi ya kutafuta mbegu bora ilianzishwa Njoro, na mwaka 1927 kikawekwa huko kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu. Twayataja haya kwa kuwa si haki kumnyima mtu sifa ya ustahimilivu wake, hata kama ardhi aliyostahimili juu yake ilikuwa na mwenyewe.

Polepole mji ukawa makao makuu ya wakulima. Chama cha Wakulima wa Kenya, KFA, kilichoanzishwa mwaka 1923, kiliweka makao yake Nakuru. Mwaka 1925 kiwanda cha maziwa cha ushirika, KCC, kilianza Naivasha. Pareto ilistawi katika nchi ya baridi ya Molo, na mwaka 1939 Lord Egerton akaanzisha chuo cha kilimo Njoro. Katika mji wa namna hiyo siku za maonyesho zilikuwa kama sikukuu. Mabwana na mabibi walikuja kutoka Subukia, Solai, Rongai, Njoro na Molo, wakaweka mezani maua na siagi, wakapanga masuke ya ngano na magunzi ya mahindi, wakaingiza fahali uwanjani.

Lakini fahali hajiingizi uwanjani mwenyewe. Na hapa twaomba msomaji asimame kidogo, atazame kazi yenyewe jinsi ilivyo, maana ndiyo kiini cha maneno yetu.

Ng'ombe wa maonyesho hutengenezwa kwa muda mrefu. Ni lazima mtu amzoeze hatamu tangu akiwa ndama, amfundishe kutembea taratibu na kusimama huku kichwa kikiwa juu, asiogope kelele za watu wala ngoma za askari. Ni lazima ajue chakula kinachomfaa na kinachomvimbisha tumbo. Siku za mwisho humwosha kwa sabuni, humpiga brashi hata ngozi ing'ae, huzisugua kwato na kuchana mkia. Usiku hulala karibu naye bandani, juu ya nyasi, maana mnyama aliye ugenini akitishwa aweza kujiumiza. Asubuhi mkamaji apime saa zake vizuri, ili kiwele kiwe kimejaa waamuzi wanapopita, lakini kisijae kupita kiasi mnyama akaumia. Waamuzi hutazama mgongo ulionyoka, miguu iliyokaa sawa, kiwele kilichoshikamana vizuri na mwili, na chuchu zenye nafasi ya kukamika. Yote hayo mkamaji ameyajua kabla ya mwamuzi, kwa sababu ameyashika kwa mikono yake kila siku, asubuhi na jioni.

Kisha utepe ulifungwa katika hatamu, kikombe kikapewa mwenye ng'ombe, na kitabu kikaandikwa. Katika kitabu hicho kulikuwa na jina la bwana na jina la shamba. Kulikuwa na jina la ng'ombe, na la baba yake, na la mama yake, kwa kuwa mifugo ya damu safi ilikuwa na daftari la nasaba, ambalo kwa miaka mingi lilitunzwa chini ya chama hicho cha kilimo. Ng'ombe alijulikana hata babu zake. Aliyemshika kamba aliitwa boi, hata kama alikuwa na wajukuu.

Hatusemi kwamba mtu huyo hakuandikwa mahali popote. Aliandikwa sana, ila katika daftari nyingine. Tangu miaka ya 1919 na 1920, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, chenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Wazee walifananisha kikasha hicho na kengele ya mbuzi. Sheria ya kipande iliondolewa mwaka 1947. Basi katika uwanja mmoja walisimama ng'ombe na mtu, kila mmoja ana alama yake. Lakini alama ya ng'ombe ilikuwa ya kumtukuza, na ya mtu ilikuwa ya kumzuia.

Tena lipo jambo zito zaidi. Wengi wa watu hao walikuwa maskwota. Walikaa na jamaa zao katika mashamba ya masetla, wakapewa mahali pa kulima na kulisha, nao wakalipa kwa kazi. Sheria ya 1918 iliagiza siku zisizopungua 180 za kazi kila mwaka. Wengi walikubali kwa kuwa walikuwa na mifugo yao wenyewe: ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao ndio waliokuwa benki yao, mahari ya watoto wao na heshima yao mbele ya watu. Lakini katika miaka ya 1920 masetla walianza kuwaondoa wanyama hao mashambani. Watu walilazimishwa kuuza kwa bei ya chini, au kuwahamisha wasijue pa kuwapeleka. Wenyewe waliliita jambo hilo kifagio, kwa sababu lilipita zizini kama ufagio upitavyo uani. Sheria nyingine ya 1937 ilizipa halmashauri za masetla mamlaka ya kupunguza zaidi mifugo na mashamba ya maskwota, na kuongeza siku za kazi.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa. Ilisemwa kwamba ng'ombe wa kienyeji huleta kupe na ndigana kwa ng'ombe wa gredi. Haya hayakuwa uongo mtupu. Kila mfugaji ajua kwamba kupe hachagui zizi. Lakini dawa ya kupe ni josho, na josho laweza kuogesha ng'ombe wa bwana na wa mchungaji pia. Iliyokuwako ni hofu nyingine: kwamba mtu mwenye ng'ombe wengi hana haraka ya kutafuta mshahara. Hivyo yule aliyejua kulea ng'ombe wa kikombe alirudi jioni nyumbani kwake na kukuta zizi tupu. Twaona kwamba hakuna maonyesho yaliyowahi kuonyesha jambo hilo, ingawa lilikuwa karibu sana na uwanja.

Mambo katika rizavu nayo yalikuwa na vizuizi vyake. Kulikuwako maonyesho madogo ya wilaya, ambako wakulima Waafrika walileta mahindi, maharagwe, vikapu na mifugo yao. Lakini mtu hawezi kuonyesha asichoruhusiwa kupanda. Kahawa kwa miaka mingi ilikuwa zao la masetla. Waafrika walianza kuruhusiwa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, huko Kisii, Embu na Meru. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango kwa upana, ukasaidia wakulima wadogo kupata hati za mashamba, mazao ya biashara na ng'ombe wa gredi. Mpango huo ulikuja katikati ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, wakati ambapo Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa mashambani katika Bonde la Ufa na kurudishwa rizavu ambazo wengine hawakuzaliwa huko. Wakamaji walipandishwa katika malori na ng'ombe wakabaki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukuta wa rangi katika ardhi ya nyanda za juu ulivunjwa. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962, na jamaa wapatao 35,000 wakapata mashamba. Wengine walijiunga katika vyama na makampuni, wakachanga fedha, wakanunua mashamba ya masetla waliokuwa wakiondoka. Ndipo ilipodhihirika mali iliyokuwa imefichwa. Watu wengi walikuwa wakidhani kwamba ng'ombe wa gredi hawezi kuishi katika mkono wa Mwafrika. Lakini wapo waliojua saa ya kukama, dalili za ndigana, na kipimo cha dawa katika josho. Walikuwa ni wale wale walioitwa boi. Elimu yao haikuwa na cheti. Hata hivyo ilivuka kutoka shamba kubwa kwenda shamba dogo, jirani akimwonyesha jirani, na mama akimwonyesha mkaza mwana.

Kazi ya wataalamu nayo isisahauliwe. Kituo cha Kabete, kilichoanzishwa mwaka 1946, kilisambaza mbegu za mafahali bora, hata mtu mwenye ng'ombe mmoja akaweza kupata ndama wa damu njema bila kununua fahali. Huko Kitale kazi ya kuzalisha mahindi ilianza mwaka 1955, na mwaka 1964 mbegu ya H611 ikatolewa kwa wakulima. Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza mwaka 1962 katika shule za msingi. Uwanja wa maonyesho ulikuwa mahali pa kuyaona haya yote kwa macho. Mkulima asiyeamini maneno ya bwana shamba alitembea mwenyewe kati ya mistari ya mahindi, akahesabu magunzi, akaondoka amesadiki.

Chama cha maonyesho nacho kilibadilika. Wakati wa ukoloni kilikuwa kimepewa jina la kifalme. Baada ya uhuru wa 1963 kikawa Chama cha Kilimo cha Kenya, na Rais wa nchi akawa mlezi wake. Milango ikawa wazi kwa watu wote. Leo sehemu kubwa zaidi ya maziwa ya nchi hii hutoka kwa wakulima wadogo. Nakuru, uliokuwa mji mdogo wa kituo cha reli, ulitangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021.

Hatuwezi kuandika historia ya uwanja huo tukaruka mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fitina iliingia nchini. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru, kama ule wa Eldoret, ukawa kambi ya waliokimbia. Mahema yalisimamishwa pale ambapo mifugo ilizoea kupita mbele ya waamuzi, na akina mama wakapika mahali pa kuonyeshea mazao. Wengi wao walikuwa wakulima waliokuwa wameacha ng'ombe na ghala zao nyuma. Kwa mara nyingine katika historia yetu watu walitenganishwa na mifugo yao. Na safari hii hakuwa mgeni aliyefanya hivyo, bali jirani kwa jirani. Twaliandika hili kwa haya, wala hatutaki kumwaibisha mtu wa kabila lolote. Twaliandika kwa sababu chama chetu kina watu wa makabila mengi, na kila mmoja wetu yampasa kujua kwamba mzizi wa ugomvi ule ulikuwa ardhi hii hii tuliyoisimulia tangu mwanzo, ambayo haki zake ziliandikwa kwa upande mmoja tu.

Siku hizi hatukosi kusikia lawama kwamba maonyesho yamekuwa ya muziki na michezo ya watoto, na ng'ombe wamepungua. Mwaka 2020 yalisimama kabisa kwa ajili ya korona. Sisi hatuchukii furaha. Hata zamani kulikuwa na bendi na farasi. Lakini maonyesho yasiyomfundisha mkulima yamepoteza sababu ya kuwako, na lawama hiyo si ya waandalizi peke yao. Mcheza kwao hutunzwa. Ikiwa sisi hatupeleki vitu vyetu, tusilalamike kwamba meza zimejaa vitu vya wengine.

Kwa hiyo twaweka mbele ya wanachama mapendekezo mawili. La kwanza, kila mwanachama mwenye shamba, hata likiwa dogo, ajitahidi kupeleka kitu kimoja katika maonyesho yajayo: gunzi la mahindi, yai, debe la viazi, au ndama. Asipopata utepe, atapata neno la mwamuzi, na neno hilo ni mbegu.

La pili, na ndilo kubwa zaidi, chama kifungue daftari. Wazee waliochunga, waliokama na waliolala bandani na ng'ombe wa maonyesho wamebaki wachache, na kila mwaka tunazika baadhi yao. Waulizwe majina yao kamili, mashamba waliyofanyia kazi, wanyama waliowalea, na kama walikuwa na mifugo yao, iliishia wapi. Watoto na wajukuu wa waliokwisha kufariki nao waulizwe yale waliyoyasikia. Akina mama wasiachwe, maana ndio waliochuma pareto na kukama alfajiri huku mtoto amelala mgongoni. Maandishi hayo yatunzwe na katibu pamoja na hesabu za chama, kwa uangalifu ule ule.

Hatufanyi hivyo ili kudai vikombe vya zamani. Vikombe vimekwisha kupata kutu katika makabati ya watu waliokwenda zao. Twafanya hivyo ili mjukuu anayemshika kamba ndama wake katika uwanja ule ajue kwamba si wa kwanza wa ukoo wake kusimama pale, na kwamba ujuzi alio nao una baba na mama, kama vile ng'ombe alivyokuwa na baba na mama katika daftari la nasaba.

Mwenyezi Mungu awape wazee wetu umri na kumbukumbu, na atupe sisi bidii ya kuandika kabla jua halijatua.